Kamba ya Hema Haikazwi Mpaka Ilie

Kila ninapofundisha kusimika mahema na maturubai, hakosi mtu wa kuniambia kwamba fundo bora kuliko yote ni lile la kufungia mizigo ya malori, eti kwa sababu huzidisha nguvu ya mkono mara tatu. Imani hii imenichosha, na inaharibu vifaa.

Hesabu ya mara tatu ni ya kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, lisilo na msuguano. Katika fundo hilo kamba hupita ndani ya kitanzi cha kamba, na msuguano hula sehemu kubwa ya nguvu. Hata hivyo, inayobaki inatosha kung'oa kigingi au kuchana pindo la turubai.

Ubaya zaidi uko kwenye kamba inayofungwa baina ya miti miwili. Ikilegezwa hadi kila upande ushuke kwa pembe ya digrii 30, mzigo wa kilo 10 unaoning'inia katikati huivuta kila ncha kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10. Ikikazwa hadi pembe ibaki digrii 5, mzigo ule ule huivuta kila ncha kwa takriban kilo 57. Sasa fikiria turubai lililotuamisha maji ya mvua.

Kwenye pindo la turubai funga kitanzi kisichojikaza, basi. Kwenye kigingi ndipo penye kazi, kwa sababu nailoni ikilowa hurefuka, na hema lililonyooka jioni hulegea usiku. Hapo nataka fundo la kusogezwa: pitisha kamba kwenye kigingi na kuirudisha ifanye kitanzi, zungusha ncha mara mbili kwenye kamba kuu ndani ya kitanzi, kisha mara moja nje yake. Mvutano hupinda kamba kuu, mizunguko ikaibana. Ukitaka kukaza tena, unalishika fundo lenyewe na kulisukuma, bila kufungua chochote.

Kwa kamba nyembamba za polietilini, zinazoteleza mno, vitabu hushauri kuongeza mzunguko mmoja. Nami huongeza, lakini upepo unapotikisa hema usiku kucha siliamini fundo hilo hata kidogo. Kwa kamba hizo tu hulirudia fundo la malori, nikalivuta kwa mkono mmoja na kulifunga kwa vifundo viwili vya kuzuia, cha pili nikikiacha na kitanzi ili kifunguke kwa kuvutwa.