Huyo wa kahawia ni mke wa chozi

Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mwembamba uliopinda, akitua kwenye mshubiri uliochanua, hutakosa mtu wa Nairobi wa kumwita "ndege mvumaji". Televisheni ndiyo imetufundisha hivyo. Wavumaji hupatikana mabara ya Amerika tu, na hawana undugu wa karibu na chozi. Kilichowafananisha ni kinywaji: wote hufuata mbochi, yale maji matamu ya maua. Mvumaji hunywa akiwa hewani. Chozi naye huweza kuelea kidogo, ila hupenda kushika kikonyo kwanza, anywe ametulia.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni kwamba yule anayemeta kijani na buluu, tumbo manjano, ni ndege mmoja, na yule wa kahawia anayemfuata ni mwingine, labda shomoro aliyepotea. Huyo ni mkewe. Na ndiye fundi wa nyumba. Hufuma kiota kama kifuko kinachoning'inia, mlango ubavuni, mara nyingi na kibaraza juu yake cha kuzuia mvua. Uzi wake ni utando wa buibui, na nje hubandika majani makavu na vipande vya magamba ya miti hadi kionekane uchafu. Jirani yangu alikiangusha kimoja kwa ufagio, akidhani ni takataka zilizonaswa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Ndani mlikuwa na mayai mawili. Mama huyaatamia peke yake, kama wiki mbili hivi. Baba husaidia kulisha makinda.

Makinda hayo hayaishi kwa mbochi, kama wengi wanavyodhani. Hulishwa wadudu na buibui. Anayepiga dawa kila kona ya ua amewanyima chakula, na mama amemnyima uzi.

Kwamba chozi huharibu maua, hapo kuna ukweli nusu. Ua likiwa refu kuliko mdomo wake, hulitoboa kwenye kitako na kunywa bila kugusa chavua. Wizi mtupu! Lakini kwenye mshubiri hutoka na chavua usoni, akaipeleka ua jingine.

Na anayegonga kioo cha pembeni cha gari asubuhi hajaleta habari za mgeni. Mara nyingi ni dume aliyeona dume mwenzake mle ndani, na hamtaki katika himaya yake. Kivishe kioo soksi kuukuu, ugomvi utaisha.