Pikapu kuweza kuvuta tani 5 haina maana ufunge trela lolote la tani 5

Ile meseji ya kwenye magrupu eti uwezo wa kuvuta na uwezo wa kubeba ni vitu viwili visivyohusiana, trela linajibebea lenyewe, si kweli jamani. Trela la kufunga nyuma kawaida linaigandamiza pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani la kilo 4,000 linakula kilo 400 mpaka 600 za mzigo wa gari, na hapo hujapakia watu wala tulboksi. Fungua mlango wa dereva usome stika inayoonyesha kilo ambazo gari linaruhusiwa kubeba, toa uzito wa abiria na mizigo, kinachobaki ndo cha huo mgandamizo wa trela. Watu wanachanganywa na matangazo, mengi yanakazia namba ya kuvuta. Ukitumiwa tena meseji hiyo, usiiforwadi.