Oksijeni ya theluji si ile ya viputo

Barazani Mji wa Kale, Mombasa, kahawa chungu mkononi, utamsikia mtu akisema joto la kale la Greenland hujulikana kwa oksijeni ya viputo vya hewa vilivyonaswa barafuni. Sivyo. Viputo hutupa hasa habari za gesi kama kaboni dayoksaidi. Oksijeni inayohusika hapa ni ile iliyo sehemu ya molekuli za maji ya barafu yenyewe. Takriban atomu moja ya oksijeni kwa kila 500 ni ya aina nzito, iitwayo oksijeni-18. Mvuke ukielekea ncha ya dunia hupoa, na molekuli za maji zenye oksijeni hiyo nzito hutangulia kudondoka njiani. Baridi ikizidi, theluji hufika na nzito chache zaidi, na uchache huo ndio hudokeza joto la kale. Mwanasayansi Willi Dansgaard wa Denmark alilieleza jambo hili vizuri mwaka 1964. Ila usiipige hesabu hiyo kwa masika ya Mombasa: huku kwetu tropiki uwiano wa oksijeni nzito na nyepesi hufuata zaidi wingi wa mvua kuliko joto.