Kwa nini barafu nyeupe hutoka kijivu kwenye picha?

Swali hili niliwahi kulijibu kwa kujiamini, na nikalikosea. Rafiki yangu, mpiga picha za harusi hapa Mombasa, alipanda Nairobi kupiga hoki ya barafu. Picha alizonitumia zilikuwa na barafu rangi ya sufuria kuukuu, na nyuso za wachezaji zimezama gizani. Nikamwambia, "Mwanga mdogo humo ndani, pandisha ISO," yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Akapandisha. Mechi iliyofuata kijivu kikarudi kilekile.

(Ndiyo, Kenya kuna hoki ya barafu. Kiwanja kilifunguliwa 2005 katika hoteli ya Panari, na mwaka 2024 nchi ikapokewa na shirikisho la kimataifa, IIHF. Kiwanja kiko kando ya Mombasa Road. Barabara ina jina letu, barafu iko kilomita 480 hivi kutoka Mombasa.)

Nilichosema kuhusu mwanga hakikuwa uongo. Ukumbi wa barafu unaweza kuwa na mwanga mdogo kuliko jua letu la saa saba mchana kwa mara mia au zaidi. Kosa langu lilikuwa kudhani kamera haijui. Inajua sana. Ukiiacha ijipangie yenyewe, kisha ukapandisha ISO kutoka 1600 hadi 3200, inapunguza muda wa shata (kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga) kutoka 1/500 ya sekunde hadi 1/1000, na picha inabaki na mwanga uleule. Ni kama kuongezwa mshahara siku ambayo mwenye nyumba naye amepandisha kodi. Rafiki yangu alipata picha zenye chembechembe zaidi, basi.

Tatizo ni kipimamwanga cha kamera. Kifaa hiki hakioni kitu, kinahesabu mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu. Ukuta wa chokaa ulio kivulini Mji wa Kale na ukuta wa saruji uliopigwa na jua vinaweza kurudisha mwanga sawasawa, na hapo kamera haina njia ya kujua upi mweupe. Kwa hiyo inakisia: kila kilicho mbele yangu, nikichanganya cheupe na cheusi, ni kijivu cha kati. Kawaida hutajwa asilimia 18 ya mwanga kurudi, ingawa wapo watengenezaji wanaopimia karibu na 12 au 13.

Mfikirie fundi cherehani aliyefungwa kitambaa machoni, akaambiwa watu wote ni saizi ya kati. Akija mnene, kanzu inambana. Akija mwembamba, inampwaya. Akija wa kati, mtaa mzima unamsifu fundi. Barafu ni yule mnene: inarudisha mwanga mwingi, kamera inaona umezidi, inaubana mpaka ufike kijivu. Buibui jeusi ni yule mwembamba, nalo kamera hulipatia mwanga kupita kiasi mpaka lifanane na lililofuliwa mara mia. Yeyote aliyepiga picha swala ya Idd uwanjani, safu kwa safu za kanzu nyeupe, amekutana na barafu bila kupanda gari.

Cha ajabu, barafu yenyewe si nyeupe. Katika viwanja vingi weupe ni rangi iliyopakwa chini, kisha maji yakagandishwa juu yake tabaka kwa tabaka, unene wa sentimita tatu hivi. Kamera inadanganywa na rangi ya ukuta.

Kamera za kisasa hutambua nyuso na mandhari, kwa hiyo kosa hupungua. Lakini barafu ikijaza fremu, nazo huteleza. Dawa ni kuongeza mwanga kwa makusudi: sogeza kipimo chenye alama +/- hadi +1 (hatua moja, yaani mwanga mara mbili), wakati mwingine +1.5. Ukizidisha, mikwaruzo ya viatu juu ya barafu inapotea na unabaki na karatasi tupu.

Mengine ni mepesi. Tundu la lenzi f/2.8, ISO 3200 au 6400, shata 1/1000. Hata hapo, kile kisahani cheusi wanachogombea wachezaji kikienda kilomita 160 kwa saa, kinasogea sentimita 4.4 shata ikiwa wazi, zaidi ya nusu ya upana wake. Flashi iache kwenye begi. Taa za aina fulani kwenye umeme wetu wa hezi 50 hupwesa mara 100 kwa sekunde, na picha mbili mfululizo zaweza kutoka moja nyeupe na moja ya manjano. Kama kamera yako ina kinga ya mpweso, iwashe.

Taa za ukumbini hazibadiliki kama mawingu, kwa hiyo pima mara moja, weka kamera kwenye M (hali ya kuipangia mwenyewe), na usiiguse tena. Pa kupimia unapo tayari: kiganja chako, chini ya taa zilezile zinazowamulika wachezaji, kisha ongeza hatua moja. Viganja havitofautiani sana kati ya mtu mweusi na mweupe, kwa hiyo hesabu ya Mfini inamfaa na Mdigo. Ila vua glavu kwanza.