Kibodi na mausi zisizotumia waya: kwa nini zinakatakata, na namna ya kuzifunga vizuri

Kibodi inaruka herufi. Mausi inaganda kidogo, kisha mshale unarukia pembeni mwa skrini. Mtumiaji anabadilisha betri, hali inabaki ileile, anahitimisha kuwa ameuziwa feki. Kabla ya kurudi dukani, angalia kwanza kile kidude kidogo cha USB kilichokuja na seti, yaani kipokezi, na uangalie kimechomekwa wapi. Matatizo mengi yanayoletwa kwa mafundi wa TEHAMA maofisini, iwe Mtumba, mji wa Serikali jijini Dodoma, au katika halmashauri za Bahi na Kongwa, huishia hapo.

Kibodi na mausi za aina hii huzungumza na kipokezi kwa redio, katika masafa ya 2.4 GHz. Masafa hayo ni ya wengi: Wi-Fi ya ofisi, Bluetooth ya simu na spika, na hata jiko la maikrowevu la kule chumba cha chai. Vifaa hivi vimeundwa kuvumiliana, na seti ya jirani haiwezi kuandika kwenye kompyuta yako kwa bahati mbaya, kwa sababu kila kipokezi kinatambua vifaa vyake. Hata hivyo, nguvu ya redio hizi ni ndogo sana ili betri idumu. Boksi linaposema mita 10, lina maana ya mahali peupe pasipo kizuizi. Ukichomeka kipokezi nyuma ya kompyuta ya mezani, kompyuta yenyewe ikiwa chini ya meza ya chuma, mawimbi yanapaswa kuzunguka sanduku la bati na meza ya bati. Hapo hata mita 1 inaweza kuwa shida.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Matundu ya USB 3.0, mara nyingi yale yenye plastiki ya bluu ndani, pamoja na diski za nje na flashi zinazochomekwa humo, hutoa kelele ya kiredio wakati data inapita, na kelele hiyo huangukia karibu na 2.4 GHz. Kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya tatizo hili mwaka 2012. Dalili yake inajulikana: mausi ni nzima siku zote, ila ukianza kunakili mafaili kwenda kwenye diski ya nje inaanza kukwamakwama. Ukichomoa diski, inapona. Watu huita virusi. Ni ukaribu tu.

Dawa ni rahisi. Hamishia kipokezi kwenye tundu la USB 2.0, kwa kawaida lenye plastiki nyeusi au nyeupe, upande wa mbele wa kompyuta au upande wa laptopu ulio mbali na diski. Kama matundu yote ni ya bluu, nunua waya wa kurefusha USB wa mita 1, ulaze juu ya meza, kipokezi kikae sentimita 20 hadi 50 kutoka kwenye kibodi. Waya huo ni wa bei ndogo na unatatua zaidi ya betri mpya. Usiunganishe kipokezi kwenye kigawanyi cha USB (hub) ambacho tayari kimejaa flashi na diski, maana hapo umekirudisha kulekule kwenye kelele.

Kufunga seti mara ya kwanza

Kipokezi hakiko kwenye mfuko wa vitabu vya maelekezo. Mara nyingi kimechomekwa ndani ya mausi, kwenye kijumba cha betri, au kwenye kishimo cha katoni. Katoni nyingi hutupwa nacho kikiwa ndani, na kwenye seti za bei ya chini hakuna njia ya kuoanisha kipokezi kingine; seti imekwisha. Baadhi ya watengenezaji huruhusu. Vipokezi vya Logitech vyenye alama ndogo ya Unifying, kwa mfano, hupokea vifaa hadi 6, na kipya huoanishwa kwa programu ya kampuni hiyo. Kwa ofisi yenye kompyuta nyingi, hilo peke yake ni sababu tosha ya kuongeza hela kidogo wakati wa kununua.

Toa kipande cha plastiki kinachozuia betri isiguse chuma, hakikisha alama za + na – zinaelekea panapotakiwa, washa swichi iliyo chini ya mausi (kibodi nyingine nazo zina swichi), kisha chomeka kipokezi. Windows hukitambua yenyewe ndani ya sekunde chache. Hakuna CD inayohitajika.

Seti ya Bluetooth haina kipokezi, lakini ina mtego wake: kompyuta nyingi za mezani hazina Bluetooth kabisa. Hakikisha kabla ya kulipa. Kama ipo, bonyeza kitufe cha kuoanisha na usikiachie mpaka taa ianze kumetameta kwa haraka, kwa kawaida sekunde 3 hivi. Kwenye kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, ingia sehemu ya Bluetooth, chagua kuongeza kifaa. Ikitokea tarakimu kwenye skrini, ziandike kwa kibodi ile mpya kisha ubonyeze Enter, hata kama huoni kinachoandikwa. Wengi hukwama hapa kwa sababu wanaziandika kwa kibodi ya zamani.

Betri

Kibodi nyingi hutumia AA au AAA mbili, mausi moja au mbili. Zile betri za kaboni za bei poa, zinazotosha kwa rimoti, hufanya kazi lakini huisha mapema na huvuja zaidi. Tumia za alkali. Za kuchaji aina ya NiMH zinafaa pia, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo usishangae kompyuta ikisema chaji imepungua siku hiyohiyo umezijaza. Jihadhari na betri za lithiamu za tochi zenye umbo sawasawa na AA lakini zimeandikwa 3.7V: zinaingia vizuri kabisa, kisha zinaunguza saketi. Usichanganye betri mpya na iliyochoka, kwa kuwa iliyochoka ndiyo huvuja.

Ukikuta unga mweupe kwenye kijumba cha betri ya alkali, usiuguse kwa kidole. Futa kwa pamba yenye tone la siki au ndimu, pangusa kwa pamba yenye maji kidogo, acha pakauke vizuri. Mausi itakayokaa likizo nzima bila kazi itolewe betri.

Vumbi la kiangazi

Tangu Mei hadi Novemba hivi Dodoma haina mvua ya maana, upepo ni mkali na madirisha yako wazi kwa sababu ya joto. Vumbi jekundu huingia chini ya mausi na kuziba kijitundu cha kihisi. Hapo mshale hutetemeka bila kuguswa, au hukataa kwenda upande mmoja. Zima mausi, igeuze, safisha kijitundu kwa kijiti cha pamba kikavu, kwangua utando ulioganda kwenye vipande laini vya chini. Kibodi igeuze kichwa chini uipigepige taratibu. Kipulizio cha gereji kiache gerejini. Kina nguvu ya kung'oa vitufe na wakati mwingine kinatema maji. Meza ya kioo nayo humchanganya mwenye mausi: kihisi hakioni kitu. Karatasi nyeupe ya A4 chini yake inatosha.

Si kila kasoro ni ya redio. Ukibonyeza @ ikaja alama ya kufunga usemi, kompyuta imepangwa mpangilio wa Uingereza na kibodi ni ya Marekani, au kinyume chake. Bonyeza Windows na kitufe cha nafasi kubadilisha. Herufi moja ikijirudia yenyewe kama “haaaaabari”, ujumbe wa kuachia kitufe umepotea njiani, kwa hiyo rudi kwenye kipokezi na betri.

Usalama

Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille walionyesha kuwa vipokezi vingi vya USB vilikubali maagizo ya kibodi yaliyotumwa na mtu mwingine aliye mbali kiasi cha mita 100. Mwaka huohuo walionyesha kibodi kadhaa za bei rahisi zilizotuma kila herufi bila kuifumba, nywila zikiwemo. Kwa mhasibu, masijala ya siri au anayeidhinisha malipo, ushauri wetu ni kibodi ya waya. Kwa wengine, tafuta katoni iliyoandikwa AES 128, yaani herufi zinafumbwa kabla ya kutumwa. Kompyuta ikipelekwa kwa fundi, kipokezi kibaki na mwenye nacho.

Ofisi itunze angalau kibodi moja ya waya stoo. Ya Bluetooth kwa kawaida haifanyi kazi kabla Windows haijawaka, na fundi anayetaka kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows, atakwama. Kibodi ikizimika ghafla huku unatakiwa kuandika nywila, mausi inatosha: kwenye ukurasa wa kuingilia, bofya alama ya ufikivu kona ya chini kulia, uwashe kibodi ya skrini.