Kapu la bei: yanayosemwa barazani na yanayopimwa sokoni

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Tanzania (NBS) hutangaza mfumuko wa bei, na kila mwezi jibu la barazani ni lile lile: "Hao wananunua soko gani?" Nimelisikia kwa mama lishe, kwenye daladala, hata kwa watu waliosoma uchumi. Silidharau swali hilo. Anayetoka sokoni na kikapu chepesi kuliko cha mwezi uliopita, huku pesa aliyotoa ni ile ile, ana haki ya kuuliza. Tatizo ni majibu tunayopeana wenyewe. Mengi si sahihi, na matokeo yake tunaibana takwimu pale isipo na kosa, tunaiachia pale inapostahili kuhojiwa.

"Mfumuko umeshuka, mbona bei hazijashuka?"

Hakuna aliyesema zimeshuka. Mfumuko wa bei ni kasi ya bei kupanda, nao hupimwa kwa kulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita. Tuseme kilo ya maharage ilikuwa shilingi 3,000 Juni ya mwaka juzi, ikafika 3,600 Juni ya mwaka jana, na Juni hii ni 3,700. Mwaka jana mfumuko wa maharage ulikuwa asilimia 20. Mwaka huu hautimizi hata asilimia 3. Ile 600 ya mwanzo imebaki mle mle ndani ya bei, na mnunuzi anaendelea kuilipa.

Ndiyo maana tarakimu ndogo zikifuatana hujenga mlima. Wastani wa mfumuko Tanzania Bara ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Ukizisikia kwenye taarifa ya habari, zinashuka. Ukizizidisha moja juu ya nyingine, kilichonunuliwa kwa shilingi 10,000 mwaka 2021 kilihitaji takriban 11,160 mwaka 2024. Kwa mtu ambaye mshahara wake haukuguswa miaka hiyo mitatu, hiyo 1,160 ndiyo habari, wala si kushuka kwa kasi.

"Wanakaa ofisini wanakadiria tu"

Bei hukusanywa kwa miguu. Mdadisi, yaani mkusanyaji wa bei, ana orodha ya maduka, vibanda, migahawa, vituo vya mafuta, zahanati na shule, na hurudi pale pale kila zamu, kwa bidhaa ile ile, ya aina ile ile, ya kipimo kile kile. Kurudi pale pale ndiyo roho ya kazi. Mwezi huu akiuliza bei ya mchele wa Kyela na mwezi ujao akauliza wa aina nyingine, atakuwa amepima tofauti ya mchele, hajapima mabadiliko ya bei. Anachoandika ni bei anayolipa mnunuzi, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa ndani yake, na kama bidhaa ni ya kupatana, basi ni bei iliyofikiwa baada ya kupatana. Bei elekezi haitoshi. Bei kikomo ya mafuta inayotolewa kila mwezi na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ni dari tu. Kinachotakiwa ni kile kinachosomeka kwenye pampu.

Sehemu ngumu ni kipimo. Masoko yetu hayauzi kwa kilo peke yake. Tunanunua kwa fungu, kisado, debe, mkungu, mche wa sabuni, kibaba kwa wanaokikumbuka. Na muuzaji wa nyanya anajua kwamba mteja huikumbuka bei kuliko uzito. Mambo yakibana hapandishi fungu kutoka 1,000 hadi 1,250. Anatoa nyanya moja. Fungu la gramu 500 linakuwa la gramu 400, bei haijasogea, lakini kilo imetoka 2,000 hadi 2,500: ongezeko la asilimia 25 ambalo hakuna aliyelitamka. Kwa hiyo bidhaa za namna hii lazima zipimwe kwenye mizani. Mdadisi asiyepima fungu ataandika kwamba nyanya hazijapanda, na ataandika hivyo kwa moyo safi kabisa. Hali ni hiyo hiyo kwa mche wa sabuni uliopungua gramu na pakiti ya biskuti iliyopungua vipande. Bidhaa ikipungua bei ikabaki, katika hesabu hiyo ni bei iliyopanda.

Ukitaka kuuliza swali la maana kuhusu mfumuko wa bei, anzia hapa. Uliza mafungu yalipimwaje.

"Chakula ni chakula, nauli ni nauli, kuna nini cha kupanga?"

Hapa ndipo wengi hupita haraka, nami ndipo ninapopapenda. Bidhaa hupangwa kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kwa kifupi chake, COICOP. Toleo la 2018, ambalo Tanzania na Kenya zote zinalitumia, lina makundi makuu 13 ya matumizi ya kaya, kutoka chakula na vinywaji visivyo na kilevi hadi huduma binafsi. Toleo la 1999 lilikuwa na makundi 12 ya kaya. Bima na huduma za fedha zilipewa kundi lao baadaye. Kinachoamua mahali pa kitu ni kusudi la kutumiwa kwake. Kimetengenezwa kutokana na kitu gani, hilo si swali.

Chukua unga wa ngano. Ukiununua dukani ukapika chapati nyumbani, umo kundi la kwanza, chakula. Chapati ile ile ukiila kwa mama lishe imehamia kundi la 11, migahawa na malazi, kwa sababu hapo umenunua pia moto, mikono na benchi la kukalia. Bia ya dukani iko kundi la pili. Ya kunywea baa inakwenda la 11. Maji ya chupa ni kinywaji, ya bomba yako na kodi ya nyumba na umeme katika kundi la nne. Mafuta ya taa ya jikoni yako hilo la nne pamoja na mkaa na gesi, petroli ya gari binafsi iko la saba, usafiri. Hata ndizi zinaachana njiani: mbivu zimewekwa na matunda, za kupika zimewekwa na mboga, viazi na maharage. Mchaga na Mhaya walijua tofauti hiyo kabla ya Umoja wa Mataifa.

Kuna vitu vinavyotumaliza mfukoni ambavyo havimo kabisa katika kapu, yaani orodha ya bidhaa na huduma zinazopimwa, na nadhani hapa panazaliwa nusu ya hasira zetu. Mchango wa harusi haumo. Sadaka haimo, wala pesa unayotuma kijijini, kwa maana hapo hujanunua kitu, umempa mtu. Ada ya kuituma kwa simu, hiyo ni huduma ya fedha na inahesabika. Marejesho ya mkopo hayamo. Saruji na mabati ya nyumba unayojenga havimo, kwani kujenga nyumba ni uwekezaji, ingawa rangi ya kukarabati chumba unachoishi inaingia. Pikipiki iliyonunuliwa kwa biashara ya bodaboda haimo, ni mtaji, lakini nauli anayotozwa abiria wake imo. Kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara haimo. Kwa hiyo mtu anayejenga, anayetuma pesa kijijini na anayechangia harusi tatu kwa mwaka anaweza kulemewa kweli kweli na mambo ambayo kapu hili halikuundwa kuyaona.

Na mitumba? Imo. Nguo ni nguo. Ugumu wake ni wa mdadisi, ambaye shati alilolikuta leo hatalikuta tena mwezi ujao.

"Kila kitu kinahesabiwa sawa"

Kapu la Tanzania Bara lenye mwaka wa kizio 2020 (mwaka ambao bei zake huhesabiwa 100) lina bidhaa na huduma 383. La Kenya, linaloanzia Februari 2019, lina 330. Kila kimoja kina uzito wake, yaani sehemu yake katika matumizi yote, unaotokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya, ambapo familia huandika siku kwa siku zilichonunua. Kwa Tanzania ulitumika utafiti wa 2017/18, kwa Kenya wa 2015/16. Iliki ikipanda maradufu, fahirisi, ile tarakimu moja inayofupisha bei zote za kapu, haitasikia. Kodi ya nyumba ikipanda kidogo tu, itasikia.

Chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2 katika kapu hilo la Tanzania. Katika kapu lililotangulia vilikuwa asilimia 38.5. Tarakimu hizo ndizo huzaa tuhuma kwamba kapu hubadilishwa ili mfumuko ufichwe. Kubadilisha ni lazima: kapu la enzi za kabla ya intaneti halikujua vifurushi vyake, na kapu lisilobadilika linaendelea kupima maisha ambayo hatuishi tena. Kushuka kwa sehemu ya chakula nako si ajabu. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyokua ndivyo fungu linalokwenda kwenye chakula linavyopungua.

Lakini tuhuma hiyo ina mbegu ya kweli iliyowekwa pasipo pake. Uzito hutokana na jumla ya shilingi zilizotumika na kaya zote. Anayetumia milioni tatu kwa mwezi anachangia mara kumi ya anayetumia laki tatu. Sauti ndani ya kapu ni ya shilingi, si ya kichwa. Hakuna aliyedanganya, maana kupima jumla ya matumizi ndiyo kazi iliyokusudiwa, ila tarakimu inayotoka inamwelekea zaidi mwenye nacho.

"Bidhaa ikiadimika wanaitupa"

Haiachwi ikapotea. Kibanda kikikosa sukari, bei yake hukadiriwa kwa muda kwa mwenendo wa vibanda vingine vinavyoiuza. Ikiwa bidhaa imekufa moja kwa moja, huchaguliwa nyingine inayofanana nayo, na tofauti ya ubora hutengwa isihesabiwe kama bei. Hapo pana uamuzi wa kibinadamu, na uamuzi unaweza kukosea.

Hata njia ya kupata wastani ina mitego. Vibanda viwili vinauza mchele 2,000. Kimoja kinapanda hadi 4,000, mwezi unaofuata kinarudi 2,000. Ukichukua wastani wa kawaida wa mabadiliko, mwezi wa kwanza unapata ongezeko la asilimia 50, wa pili punguzo la asilimia 25. Zidisha 1.5 kwa 0.75: unapata 1.125. Bei zimerudi zilipokuwa, fahirisi inadai mchele umepanda asilimia 12.5. Wastani wa kijiometri, unaozidisha badala ya kujumlisha, unarudisha moja kamili. Kenya iliuhamia mwaka 2009, na mfumuko wake uliotangazwa ulionekana mdogo zaidi. Wengi walidhani ni ujanja. Ilikuwa ni kuondoa kosa.

"Fahirisi ya mkoa wetu iko juu, kwa hiyo sisi ndio wenye maisha ghali"

Hapana. Kila mahali pameanzia 100 yake. Mji wenye fahirisi 118 umepanda haraka kuliko wenye 112 tangu mwaka wa kizio, na bado unaweza kuwa na mchele wa bei nafuu zaidi. Zanzibar ina fahirisi yake yenyewe, inayotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Haimo katika tarakimu ya Bara.

"Kwa hiyo mimi ninayeumia nimekosea?"

Hujakosea. Tuchukue mwezi ambao chakula kimepanda asilimia 10 na kila kitu kingine kimesimama. Kwa uzito wa 28.2, tangazo la taifa litasema asilimia 2.8. Kaya inayotumia shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula, na ziko nyingi, imepandishiwa asilimia 6 siku hiyo hiyo, masoko hayo hayo, bei hizo hizo zilizoandikwa na mdadisi yule yule.

Hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa kaya yako. Andika matumizi ya mwezi mmoja, yagawanye kwa makundi 13, tafuta kila kundi ni asilimia ngapi ya jumla yako. Kisha chukua jedwali la NBS la mwezi, ambalo huonyesha mfumuko wa kila kundi peke yake, zidisha, jumlisha. Mchango wa harusi uandike pembeni.