Jamii kuarifiwa na jamii kuridhia ni mambo mawili

Ridhaa ya jamii katika utafiti wa afya ni idhini ambayo jamii asilia huitoa kabla kazi haijaanza, kupitia vyombo inavyovitambua yenyewe, ikijua kitakachofanyika na ikiwa na uwezo wa kukataa. Maana ni hiyo tu. Lakini ripoti nyingi huandika "jamii iliridhia" pale ambapo watafiti waliitisha mkutano, wakaeleza mpango wao, kisha wakaanza kutoa watu damu. Hapo jamii imearifiwa. Hakuna aliyeulizwa swali ambalo jibu la "hatutaki" lingesimamisha kazi.

Linaloudhi zaidi ni dhana kwamba saini za mtu mmojammoja zikikusanywa zinageuka kuwa ridhaa ya jamii. Wahavasupai, kabila asilia la Arizona, Marekani, walitoa damu kwa watafiti wa Arizona State University miaka ya mwanzo ya 1990, wakitaka kujua kwa nini kisukari kinawaandama. Saini zilikuwepo. Fomu, hata hivyo, zilitaja kwa upana tu matatizo ya kitabia na kitiba, na damu hiyo ikaja kutumika kuchunguza skizofrenia (ugonjwa wa akili), kuzaana kwa watu wenye nasaba moja, na njia walizopita mababu zao. Hilo la mwisho liligonga imani yao kwamba asili yao ni Grand Canyon, korongo kuu la huko Arizona. Walikishtaki chuo, na kesi iliisha mwaka 2010 kwa makubaliano: chuo kililipa dola 700,000 na kurudisha sampuli.

Sasa mfikirie Mhavasupai ambaye hakutoa hata tone. Makala ikitangaza kwamba watu wake huzaana wao kwa wao, naye imemtaja. Saini ya jirani yake ilihusu mwili wa jirani. Jina la kabila zima halikuwa lake kuligawa. (Kinyume chake pia ni kweli: baraza likikubali, kila mtu bado ana haki ya kukataa sindano.)

Wasan, jamii asilia ya Afrika Kusini, waliliona hili, na mwaka 2017 wakatoa kanuni zao za maadili ya utafiti. Wanataka mtafiti apite kwenye baraza lao, na pia arudi kwao na matokeo kabla ya kuyachapisha. Hapo ridhaa inaendelea baada ya damu kufika maabara, na swali jipya la utafiti linahitaji ruhusa mpya.

Kwa hiyo wewe unayepitia maandiko ya utafiti kwenye kamati ya maadili, ukikuta "jamii iliridhia", uliza ni chombo gani kiliridhia, kiliridhia matumizi yapi, na kingekataa ingekuwaje. Majibu yakikosekana, mwombe mtafiti kwa upole aandike "jamii iliarifiwa". Ni sentensi ya kweli, na bado anao muda wa kurudi kuomba idhini kabla ya sampuli ya kwanza.